Daftari la Pili: Mwongozo Kamili wa Kuhamisha SACCO Kutoka Kitabuni Hadi Kwenye Mfumo

Simu ninazopigiwa hapa Uganda, kutoka Busia, Malaba na siku nyingine Mbale, huanza kwa maneno yaleyale: "Mfumo tulinunua mwaka jana, lakini bado tunaandika kitabuni." Nikifika ofisini naikuta kompyuta imefunikwa kitambaa kama redio ya babu, na karani ameinamia leja, kalamu ya bluu mkononi, nyekundu sikioni.

Nikiuliza mfumo una kasoro gani, kila mtu anamtazama mwenzake. Kasoro haimo mfumoni. Imo kwenye daftari la pili, lile linaloendelea kuandikwa kimya kimya baada ya soda za uzinduzi kunywewa. Maadamu lipo, tarakimu za kompyuta haziaminiwi, maana ubishi ukizuka watu hukimbilia kitabu. Tena kila daftari la pili lina mwenyewe, na mwenyewe ana sababu yake. Mara nyingi ni sababu nzuri.

Nimeandika nikiwa na SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wanachama mia chache akilini. Chama cha wakulima wa kahawa, kliniki au ghala la mizigo mpakani watapita njia hiyohiyo wakibadilisha majina tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Madaftari yote: leja kuu, vitabu vya risiti, kumbukumbu za kamati ya mikopo, na vile vijitabu vya mfukoni ambavyo hakuna anayevitaja mkutanoni.
- Taarifa za benki na za akaunti ya pesa za simu, za miezi 12 iliyopita.
- Kompyuta mbili. Moja ikiharibika na ukiwa nayo hiyo moja tu, kitabu kitarudi mezani siku hiyohiyo.
- Betri ya akiba ya kushikilia stima ikikatika, na laini mbili za intaneti za kampuni tofauti, MTN na Airtel kwa mfano.
- Printa ndogo ya risiti na karatasi zake za kutosha miezi mitatu.
- Vitabu vya risiti za mkono vyenye namba mfululizo. Ndiyo, karatasi. Utaona kwa nini kwenye hatua ya 7.
- Azimio la bodi lililoandikwa na kutiwa saini, lenye tarehe ya mwisho ya kuandika leja.
- Usajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, ile iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo ukiukuta ukutani soma tarehe kwanza.
- Muda. Mimi huomba wiki 14. Anayekuahidi wiki mbili anauza programu, na programu ndiyo sehemu rahisi.

Umeona kwamba mfumo wenyewe haumo kwenye orodha. Unakuja hatua ya 4, na si mapema zaidi.

## Hatua ya 1: Chagua swali moja mnalotaka mfumo ulijibu

"Tunataka kwenda kidijitali" haliwezi kuwa lengo. Ukiiuliza bodi mnaenda huko kufanya nini, utasikia "kwa sababu majirani wameenda". Kaeni muandike swali moja ambalo leo hamwezi kulijibu kabla ya chai kupoa.

Kwa SACCO nyingi, swali hilo ni hili: kati ya pesa tulizokopesha, ni kiasi gani kiko kwa watu waliochelewa zaidi ya siku 30?

Hesabu yake ina mtego. Tuseme mikopo yote iliyo nje ni shilingi 180,000,000. Waliochelewa zaidi ya siku 30 wana rejesho la jumla ya 3,000,000 walilopaswa kuleta na hawakuleta, lakini salio lote la mikopo yao ni 27,000,000. Jibu ni 27,000,000, yaani asilimia 15. Makarani wengi huandika zile milioni tatu, bodi inalala usingizi mzito, na shimo linaendelea kuchimbika. Anayeshindwa kulipa rejesho moja ameshaitia hatarini pesa yote iliyobaki mikononi mwake.

Sababu: swali moja huwapa watu wote kitu kimoja cha kusubiri. Maswali kumi yanazaa ripoti kumi zisizosomwa.

Utajua imefaulu ukimkuta mjumbe yeyote wa bodi, hata kwenye stendi ya boda boda, naye akalitaja swali hilo bila kusoma popote. Andikeni pia jibu la leo na muda mliotumia kulitafuta. Kama ni siku tatu, andikeni siku tatu.

## Hatua ya 2: Wajue watakaopoteza kitu

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayorudisha madaftari mezani.

Chukua karatasi uandike jina la kila mtu anayegusa pesa au taarifa: mweka hazina, makarani, wakusanyaji wa mtaani, kamati ya mikopo, kamati ya usimamizi. Mbele ya kila jina jibu jambo moja: siku kitabu kikifungwa, huyu anapoteza nini? Usijiridhishe na "hana cha kupoteza". Karani anayejua kichwani nani anadaiwa nini anapoteza heshima ya kuulizwa. Mwenyekiti wa kamati ya mikopo anapoteza uhuru wa kumsukumia shemeji yake juu ya foleni. Mjumbe wa bodi mwenye mkopo wake uliolala anapoteza giza.

Kisha watembelee mmoja mmoja, kwenye meza zao, wakiwa kazini. Usiwaite mkutanoni, kwani huko kila mtu husema "tunaunga mkono maendeleo".

Katika SACCO moja ya wachuuzi wa sokoni nilikaa asubuhi nzima na mweka hazina, mama wa makamo aliyeishika leja hiyo tangu chama kianze. Nilimwambia nimekuja kuona anavyofanya kazi. Akanisukumia kitabu.

"Mwanangu," akasema, "hiki hakijawahi kuzimika."

Sikuwa na jibu. Nikaanza kufuata kidole chake ukurasani. Kando ya majina fulani palikuwa na alama ndogo za penseli ambazo mwanzoni nilizidhania uchafu. Nukta moja: huyu analipa baada ya siku ya soko, usimsumbue kabla. Nukta mbili: anapitia kwa dada yake. Msalaba mdogo: nyumba ina msiba, mpe mwezi. Kiduara: anasema kesho, na kesho yake haifiki.

Mfumo uliokuwa umenunuliwa ulikuwa na mahali pa jina, namba na kiasi. Pa nukta hapakuwepo. Tungehamisha tarakimu zake zote na kuziacha nukta, tungekuwa tumemnyang'anya ujuzi wake wote tukamwachia kazi ya kubonyeza. Tulimwomba aliyetengeneza mfumo aongeze sehemu ya maelezo mbele ya kila mkopo, na mama mwenyewe ndiye aliyekaa na karani kijana akimsomea nukta moja baada ya nyingine, kwa Kisamia na Kiswahili, siku mbili nzima. Baada ya hapo hakuhitaji kushawishiwa. Alianza kuuliza mfumo unafika lini.

Maswali matatu ya kumuuliza kila mtu: Ni kitu gani kitabu chako kinajua ambacho hakijaandikwa popote? Ni kazi gani hapa unaichukia? Unaogopa nini mfumo ukija?

Tahadhari: usimwambie mtu "hakuna atakayepoteza kazi" kama bodi haijaamua hivyo kwa maandishi. Uongo huo utakugharimu kila neno utakalosema baadaye. Kama makarani watatu watakuwa wawili, sema mapema, na mseme mtampeleka wapi wa tatu. SACCO nyingi zina upungufu wa watu wa kufuatilia mikopo mtaani, na anayewajua wadaiwa kwa sura anafaa kuliko mgeni.

Utajua imefaulu kila jina kwenye karatasi yako likiwa na kazi mpya mbele yake, naye mwenye jina ameisikia kutoka kinywani mwako, wala si kwenye ubao wa matangazo.

## Hatua ya 3: Safisha taarifa kabla ya kuziingiza

Kompyuta haisafishi uchafu wa kitabuni. Inaupiga chapa vizuri tu. Tenga wiki nne za hatua hii na usikubali kupunguziwa.

Majina kwanza. Hapa Uganda hatuna desturi moja ya majina ya ukoo. Nabwire Rose, Rose Nabwire na Mama Ouma wanaweza kuwa mtu mmoja mwenye kurasa tatu. Upande mwingine, kwa Waganda pacha wa kike aliyezaliwa wa pili huitwa Nakato, na katika chama cha watu mia sita unaweza kukuta Nakato watatu wasiojuana. Kwa hiyo jina lisiwe kitambulisho. Mpe kila mwanachama namba moja ya chama, na umhakiki kwa NIN, ile namba ya herufi na tarakimu 14 kwenye kitambulisho cha taifa. Usinakili namba ya kadi badala yake: kadi ikihuishwa namba yake hubadilika, NIN hubaki.

Namba za simu. Mkiandika kwenye Excel, ifanyeni safu nzima kuwa ya maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza. Msipofanya hivyo, 0772 itageuka 772, sifuri imeliwa, na ujumbe hautamfikia mtu. Karani atakwambia tatizo ni mtandao.

Tarehe. Hapa nina aibu yangu. Katika kazi mojawapo ya mwanzo niliziacha tarehe kama zilivyo, 03/04, nikiamini kila mtu anajua ni tarehe tatu mwezi wa nne. Mfumo ulikuwa umepangwa Kimarekani ukasoma Machi 4. Asubuhi ya uzinduzi wanachama waliolipa vizuri kabisa walipata ujumbe kwamba wamechelewa mwezi mzima. Saa tatu mama mmoja alikuwa mlangoni, risiti mkononi, mume nyuma yake. Tangu siku hiyo mwezi naandika kwa herufi: 3 Aprili 2024. Hauwezi kusomwa vibaya.

Sarafu. Walio mpakani hupokea shilingi za Kenya na za Uganda kwenye dirisha moja. Kila muamala uandikiwe mambo matatu: kiasi kilicholetwa, sarafu yake, na kiwango cha siku hiyo. Leja zenye "1,000" isiyo na sarafu ndizo zinazochelewesha kazi kuliko zote.

Baada ya hapo linganisha vitu vitatu kwa kila mwanachama: kijitabu chake cha akiba, ukurasa wake kwenye leja, na risiti. Mwite kwa makundi, watu ishirini kwa siku, aje na kijitabu. Vikikubaliana, anatia saini salio lake. Visipokubaliana, tofauti iandikwe kwenye akaunti ya muda ya tofauti, na kazi iendelee. Msisimamishe foleni kwa ajili ya shilingi 5,000.

Tofauti zitakuwepo, na hapo ndipo watu huanza kuumwa ghafla na kuomba likizo. Ninachoshauri ni bodi itangaze wiki mbili za kusahihisha: mtu yeyote akileta kosa lake mwenyewe katika wiki hizo, linarekebishwa na anasaini mpango wa kurudisha kama kuna pesa. Baada ya hapo, kila kinachogunduliwa kinakwenda kamati ya usimamizi. Wapo watakaosema huku ni kuwabembeleza wezi. Mimi naona sehemu kubwa ya tofauti hizo ni uchovu na mwandiko mbaya, na mkiwatisha wenye mwandiko mbaya watazificha pamoja na za wezi.

Sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziweka taarifa za fedha za mtu kwenye kundi moja na taarifa za afya, dini na siasa yake. Haziguswi ovyo. Mwanachama anapokuja kuhakiki salio, asaini pia ridhaa ya taarifa zake kuingizwa mfumoni, kwa lugha anayoielewa. Msiulize msichohitaji. Nimewahi kuona fomu ya mkopo ikiuliza dini. Nilipouliza ya nini, hakuna aliyejua, ilinakiliwa tu mahali.

Utajua imefaulu jumla ya akiba za wanachama wote, mmoja mmoja, ikilingana na akaunti kuu hadi shilingi ya mwisho, tofauti zikiwa zimeonyeshwa peke yake.

## Hatua ya 4: Sasa chagua mfumo

Hapa nitapita haraka, maana mifumo mingi sokoni inafanya kazi. Ukague mambo manne tu.

Uendelee kurekodi intaneti isipokuwepo. Januari 2021 nchi nzima ilizimiwa intaneti kwa siku kama tano wakati wa uchaguzi, na SACCO zilizotegemea mtandao peke yake zilirudi kwenye kalamu. Uweze kutoa taarifa zenu zote kwenye jedwali la kawaida siku yoyote mtakayo, bila kumuomba muuzaji. Kila mtumiaji awe na neno la siri lake na mipaka yake: anayeandika mkopo asiwe anayeuidhinisha. Na mkataba useme wazi kwamba taarifa ni mali ya chama.

Utajua imefaulu karani wenu mwenyewe akiweza kuingiza mkopo mbele ya bodi, muuzaji akiwa amekaa mikono mapajani. Muuzaji akisema "hebu nikusaidie kidogo", hamjamaliza kuchagua.

## Hatua ya 5: Jaribu na kundi dogo

Chukua kundi la wanachama kama 40, wa soko moja au stendi moja. Kwa wiki nne, wao tu waandikwe kitabuni na mfumoni. Kila jioni funga hesabu zote mbili na uzilinganishe kabla mtu hajaenda nyumbani.

Tahadhari: usichague kundi lenye nidhamu kuliko yote. Chagua lenye vurugu za wastani. Kundi la walimu wanaokatwa kwenye mshahara litafaulu hata mfumo ukiwa mbovu.

Utajua imefaulu mkipata jioni kumi mfululizo bila tofauti. Mkikosa ya tisa, mnaanza kuhesabu upya.

## Hatua ya 6: Fundisha mezani

Semina ya siku mbili hotelini watu wataikumbuka kwa kuku na nauli waliyorudishiwa. Fundisha palepale kwenye dirisha la kazi, dakika arobaini kila asubuhi kabla ya kufungua, jambo moja kwa siku: leo kupokea akiba, kesho kutoa risiti, keshokutwa kusahihisha kosa. Kusahihisha kosa kuwe mapema, siku ya tatu. Karani asiyejua kurudi nyuma ataogopa kwenda mbele.

Menyu nyingi ziko kwa Kiingereza. Tengeneza kadi ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili au ya lugha ya pale, inayoonyesha kitufe gani kinafanya nini, ibandikwe pembeni ya kioo. Wape makarani wenyewe waiandike. Maneno yao yatashinda yako. Mahali pamoja waliandika "usibonyeze hii nyekundu hata ukiudhiwa", na hakuna mwongozo wa mtengenezaji ungewaonya vizuri zaidi.

Waunganishe wawili wawili, mzoefu wa kitabu na mzoefu wa simu. Mzoefu wa kitabu ndiye akae kwenye kibodi. Ukimwacha kijana abonyeze na mzee asimame nyuma akitazama, mwezi wa pili mzee atakuwa na daftari lake droo ya chini.

Utajua imefaulu karani mmoja asipofika kazini na foleni isiongezeke.

## Hatua ya 7: Funga kitabu kwa tarehe na kwa macho ya watu

Chagua mwisho wa mwezi ulio mbali na karo. Shule zikikaribia kufunguliwa, Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba, dirisha la mikopo hufurika na hakuna mwenye subira ya kumngojea karani anayetafuta herufi. Desemba iache kabisa.

Wiki mbili kabla, waambieni wanachama sokoni na kwenye vikao vya makundi. Watauliza kama mfumo utawakata pesa. Wajibuni kwa tarakimu: kodi ya nusu asilimia kwenye pesa za simu hukatwa mtu anapotoa, si anapoweka, na wala haikuletwa na chama.

Siku yenyewe, mbele ya wanachama watakaokuja, mweka hazina apige mstari mwekundu chini ya ingizo la mwisho kwenye leja. Mwenyekiti, mweka hazina na mjumbe wa kamati ya usimamizi watie saini chini ya mstari, na saa iandikwe. Leja ziingie sandukuni. Funguo mbili tofauti, kwa watu wawili tofauti. Msizichome wala kuzitupa. Mkaguzi atazihitaji, na mwanachama anayebisha salio lake ana haki ya kuonyeshwa.

Sasa vile vitabu vya risiti zenye namba mfululizo. Stima itakatika, mtandao utalala. Kama hakuna njia halali ya kuandika kwa mkono, watu watabuni isiyo halali, na hilo ndilo daftari la pili likizaliwa. Risiti hizo zikae kwa meneja, zitolewe kwa saini, na ziingizwe mfumoni kabla ya kufunga siku au asubuhi inayofuata. Namba ikirukwa, ulizeni siku hiyohiyo.

Tahadhari: msiruhusu "tuandike kote kote kwa usalama" baada ya siku hii. Wiki nne za hatua ya 5 zilitosha. Karani anayeandika mara mbili huchoka, na akichoka huacha upande asioupenda.

## Hatua ya 8: Tarakimu ziingie mkutanoni

Mfumo unaweza kutumika kila siku na bado maamuzi yakafanywa kwa minong'ono. Kila kikao cha bodi kianze na ukurasa mmoja unaojibu swali la hatua ya 1, na mweka hazina ndiye ausome. Kisha bodi iamue jambo moja kutokana nao, hata dogo: wadaiwa wepi watembelewe wiki hii, kiwango gani cha mkopo kisimame kwa muda.

Jiandaeni kwa mshtuko. Chama kilichozoea kusikia asilimia 5 kinaweza kuona 15 mwezi wa kwanza. Mikopo haikuharibika usiku mmoja. Taa imewashwa tu. Waelezeni wanachama kabla ya mkutano mkuu, msingoje waipate kwenye kikundi cha WhatsApp na chumvi juu yake.

Afisa mikopo msimkaripie kwa tarakimu mbaya. Mkaripieni kwa kutofanya mlichoamua. Mkimwadhibu kwa tarakimu, mwezi ujao itakuja nzuri: mkopo wa zamani utakuwa umefungwa na kufunguliwa upya kwa jina lilelile, unaonekana wa jana. Mtu wa kamati ya usimamizi akague kila mwezi mikopo iliyoanza wiki ileile ambayo mkopo mwingine wa mwanachama huyohuyo umefungwa.

Utajua imefaulu siku ubishi utakapozuka mkutanoni na mtu akasema "angalieni kwenye mfumo", wala asiagize sanduku lifunguliwe.

## Hatua ya 9: Winda daftari la pili, siku ya 30, 60 na 90

Nenda bila hasira. Sema wazi unachotafuta: "Nani bado anaandika pembeni, na nini kimekosekana?" Angalia droo, picha kwenye simu za makarani, vikundi vya WhatsApp, nyuma ya kalenda ya ukutani. Ukilipata, usilichukue kwanza. Lisome. Kila mstari wake unakwambia kitu ambacho mfumo au utaratibu wenu haukukifikiria.

Mara ya mwisho nililipata siku ya 60, kwa mkusanyaji wa akiba za waendesha boda boda. Daftari la shule la kurasa 96, limekunjwa mfuko wa nyuma. Alikuwa anapokea shilingi 2,000 kwa kila mwendesha pikipiki saa kumi na moja alfajiri, stendi ikiwa giza, simu aliyopewa na chama ikiwa imebaki na chaji ya kukohoa. Akiandika daftarini, mchana anaingiza mfumoni. Siku nyingine mchana haukupatikana.

Hakuwa mwizi wala mkaidi. Alihitaji betri ya kubebeka na kitabu cha risiti zenye namba, vyote viwili kwa bei ndogo kuliko mafuta ya meneja ya wiki. Tulimpa Ijumaa. Jumatatu alileta daftari ofisini mwenyewe, akaziingiza siku zilizobaki na karani, kisha akauliza kama anaweza kuchana kurasa ambazo hazijaandikwa, mtoto wake yuko la tatu na daftari limemwishia. Zilizoandikwa ziliingia sandukuni, wenye funguo wote wawili wakiwepo.